Katoni Mbele ya Rejeta

Dizeli na maziwa mabichi: hizo ndizo harufu za Agosti yangu ya mwaka wa 2008. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, shule zilikuwa zimefungwa, na kila asubuhi nilikaa kando ya mama katika gari letu kuukuu la dizeli, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, huku mikebe ya maziwa ya majirani ikigongana nyuma yetu. Gari hilo majirani walilibandika jina la Kobe, na sikuwalaumu. Likiwa tupu lilitembea kama gari lolote, lakini ukilipakia mzigo lilikohoa, likatoa moshi, likapanda mlima kwa mwendo ambao mtu mwenye haraka angeshuka akaenda kwa miguu. Mimi lilikuwa linanitia aibu, na nilikuwa mtoto mwenye mdomo, kwa hiyo nilisema hivyo mara nyingi.

Tangu zile fujo za Januari baada ya uchaguzi, lori la maziwa lilikuwa halifiki tena kwetu, juu ya Elburgon karibu na msitu. Mama aliona maziwa yakimwagwa mitaroni wiki baada ya wiki, mwishowe akatangaza kwamba angeyabeba yeye. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu Januari walileta mikebe yao uani kwetu, wakaipanga pamoja, kisha kila mmoja akaondoka na njia yake bila neno. Kutoka kwetu barabara iliteremka hadi mtoni, halafu ikapanda mlima mrefu wa matope hadi kwenye lami, na kituo cha kupozea maziwa kilikuwa mbele zaidi. Kobe alipumzika mara mbili kwenye mlima huo. Tukichelewa, karani wa kituo alifungua mkebe, akanusa, akatikisa kichwa, nasi tukarudi na maziwa yaliyoganda kwa watu ambao walikuwa wameanza kumwamini mama. Alijua wakikata tamaa mara hii, hawangeleta tena. Ndipo alipomuuza Tausi, mtamba wangu, niliyepewa na nyanya angali ndama, kwa Mzee Kiprono wa ng'ambo ya mto, ili amnunulie Kobe turbo. Nilimnunia mama siku tatu nzima. Niliona amebadilisha ng'ombe kwa chuma.

Fundi wetu alikuwa Mzee Jaswant, Kalasinga mwenye kilemba, ndevu nyeupe na bangili ya chuma, aliyekuwa na gereji Nakuru upande wa viwandani. Alilizunguka gari, akasikiliza injini ikinguruma, kisha akamwambia mama, "Hii injini si gonjwa, mama. Iko na pumzi kidogo tu. Mimi naongeza pumzi." Turbo yenyewe ilikuwa chuma kilichojikunja kama konokono. Moshi wa injini, badala ya kutoka bure, ulizungusha feni iliyokuwa ndani yake, na feni hiyo ikasukuma hewa nyingi kwenye injini. Kwa siku mbili nilimtazama akiifunga, akiunganisha paipu ya mafuta ya kuilainisha, na mwisho akaweka mbele ya rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, rejeta nyingine ndogo ambayo yeye aliita intakula. Nilimuuliza ni ya nini, kwa sauti ya mtu ambaye bado amenuna.

"Hewa ikisukumwa nakuwa moto," akasema. "Maziwa ikitoka kwa ng'ombe, wewe nafanya nini?"

"Tunapoza."

"Basi. Hii napoza hewa. Leta mkono."

Alinishika kiganja akakiweka kwenye paipu iliyoingia intakula, nikakiondoa upesi kwa joto. Akakiweka kwenye ile iliyotoka, nayo ilikuwa ya baridi. Mwisho alifunga geji ndogo juu ya dashibodi, yenye mshale na alama nyekundu, ya kupima joto la moshi, akaniambia macho yangu yasitoke hapo. Alitupatia pia sheria moja: tukimaliza kupanda mlima, tusizime injini mara moja. Mafuta ndiyo yaliyopoza turbo, na injini ikizimwa ghafla mafuta husimama, turbo ikaungua. Nilipaswa kuhesabu hadi mia na ishirini, halafu ndipo mama azime.

Wiki ya kwanza Kobe alipanda mlima bila kupumzika hata mara moja, na mama alikuwa akitabasamu peke yake kwenye usukani. Kituoni tulikaa ndani ya gari linalonguruma, mimi nikihesabu, huku madereva wa malori wakitushangaa. Hao walikuwa watu wa kuzima injini hata kwenye mteremko wa Salgaa ili kuokoa dizeli. "Mathe, unapika nini huko ndani?" mmoja alimuuliza mama. Mama akamjibu, "Ugali. Ngoja uive."

Kisha baridi ikaja kweli kweli. Asubuhi moja nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na mama akafanya alichofanya kila mwenye gari kule kwetu: akachukua katoni ya mafuta ya kupikia, akaifunga kwa kamba mbele ya rejeta ili injini ipate joto upesi. Alikuwa amefunga katoni hivyo miaka yote. Tulivuka mto, tukaanza kupanda, na kabla ya nusu ya mlima niliona mshale ukiikaribia alama nyekundu. Moshi mweusi ukajaa nyuma yetu. "Mama, simama. Imefika nyekundu." Alisimama, uso umemwiva kwa hasira. "Huyo fundi ametuuzia takataka," alisema. "Mtoto wangu nimemuuzia ng'ombe wake bure." Akanyoosha mkono azime injini.

Nilimshika mkono. Kumshika mama mkono akiwa na hasira halikuwa jambo la kawaida nyumbani kwetu. "Bado kuhesabu," nikamwambia. Akaurudisha mkono mapajani. Sijawahi kuhesabu hesabu ndefu kama ile. Nyuma yetu maziwa ya kilima kizima yalikuwa yakingoja, na jua lilikuwa linapanda. Nilipofika mia na ishirini akazima, nami nikashuka, nikafungua boneti, nikagusa paipu ya kuingia kwenye intakula. Moto. Nikagusa ya kutoka. Moto vilevile. Nilizunguka mbele nikaikuta ile katoni imeiziba intakula sawasawa, hakuna upepo wa kupita. Niliikata kamba kwa meno kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Mama aliitazama katoni mkononi mwangu. Aliwasha gari, tukapanda, na mshale ukakaa mahali pake hadi juu. Karani alifungua mkebe wa kwanza, akanusa, akaandika. Akafungua wa pili, akaandika. Alipomaliza wote, mama alienda nyuma ya gari akajifuta macho kwa leso, nami nikajifanya sijaona. Hakuniomba msamaha, hakuwa mtu wa hivyo. Kesho yake, baridi ikiwa ileile, alinipa katoni ile akasema, "Washia jiko."

Tausi alizaa mwaka uliofuata, na mkebe wa Mzee Kiprono ukawa mzito zaidi. Ndivyo maziwa yake yalivyopanda mlima ndani ya gari alilolinunulia pumzi, na mimi niliufunga mkebe ule kwa kamba mwenyewe.

Siku hizi kuna lami hadi kwetu, na tangi la kupozea maziwa liko hatua chache kutoka lango la mama. Kobe amelala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Gari langu lilikuja na turbo yake kutoka kiwandani, na fundi kijana ameniambia habari za kuhesabu zimepitwa na wakati. Huenda. Lakini nikifika kwa mama huwa silizimi mara moja. Wiki jana alitoka nje kwa fimbo yake, akasimama karibu na dirisha langu, injini ikinguruma. Nilidhani ataniuliza nangoja nini. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Umefika ngapi?" akauliza.

"Tisini."

"Maliza," akasema, na akaningoja.