Saruji Juu ya Chokaa ya Mzee Matano

Saa moja asubuhi, ukungu haujatoka kwenye vilima vya Kisarawe, na Fundi Mwishehe Pazi yuko juu ya ngazi, tindo mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia. Anagonga ukuta wa bwalo la chuo cha ualimu polepole, sikio karibu kabisa na ukuta. Kipande cha lipu ya saruji, kikubwa kama sinia, kinabanduka na kuanguka chini. Nyuma yake pamelowa. Anaingiza kidole, na chokaa inamfuata kidoleni kama ugali mbichi.

"Nusa hapa," anamwambia mwandishi. Harufu ni ya shimo lililofunikwa muda mrefu.

Kusema kweli, mwandishi huyu hakupanda kilima kwa ajili ya Fundi Mwishehe. Alitumwa kuandika habari za jengo jipya la ghorofa mbili, ambalo watu wa mabasi huchungulia madirishani walione. Na ni zuri, tusidanganyane. Lina nguzo nyembamba za zege, paa lililolala bapa kama meza, na madirisha ya vipande vya vioo vinavyofunguka vyote kwa mkono mmoja. Kila Jumapili wanafunzi hupigwa picha mbele yake. Mbele ya bwalo hapigwi picha mtu.

Bwalo ni nyumba ya mwaka 1928. Kuta zake ni za mawe na chokaa, unene futi mbili, na mbele kuna matao saba na baraza pana. Ukiingia ndani, hata Januari, jasho linakukauka. Fundi Mwishehe, ambaye sasa ana miaka hamsini na miwili, alilijenga akiwa kijana chini ya Mzee Matano, mwashi wa Msimbu aliyemfundisha kazi na kumlisha nyumbani kwake miaka saba.

Chokaa ilichomwa pwani, ikaja kwa treni hadi Pugu, ikapandishwa kilimani vichwani mwa watu. Kisha ikakaa shimoni na maji miezi mitatu, na ole wake aliyeigusa kabla.

"Tulimwona mkorofi," anasema Fundi. "Wenye kazi wanafoka, mvua inakuja, na yeye amekaa kando ya shimo lake anatafuna tambuu kama hana habari."

Kila mwaka masika yakiisha, kuta hizo zilipakwa chokaa upya. Ni kazi ya wiki tatu, na mwaka unaofuata zinabambuka tena. Mzee Matano alipofariki mwaka 1944, kazi ikamwangukia mwanafunzi wake, ambaye sasa ndiye fundi mkuu wa chuo.

Mwaka 1951 yakajengwa madarasa ya saruji, kuta laini kama yai. Ndipo wanafunzi wakaanza kuliita bwalo gofu. Walikuwa na adabu zao, walimwamkia Fundi shikamoo, kisha wakishampita hatua tatu anasikia: gofu.

"Nikaona haya," anasema. "Nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu mwenyewe, nikaionea haya."

Ilibaki mifuko sitini ya saruji. Hakuna aliyemtuma. Alikwenda mwenyewe ofisini kwa mkuu wa chuo, kofia mkononi, akaomba bwalo lipigwe lipu ya saruji lifanane na wenzake. Mkuu alifurahi, akauliza swali moja tu, kama itashika. Fundi akajibu itashika.

Alijua haitashika. Mzee Matano alikuwa amemkataza, tena si mara moja. Ukuta wa chokaa hunywa maji masika na kuyatoa kiangazi, alimwambia, na ukiuziba kwa saruji maji yatabaki ndani na kuuozesha.

"Nilijua kama ninavyolijua jina langu," anasema Fundi.

Miaka miwili bwalo liling'aa, naye akapewa barua ya sifa. Mwaka wa tatu kuta zikaanza kutoka jasho. Mwaka huu ufa umepita juu ya tao la tatu, mtu anaweza kutia vidole. Mwezi wa Mei akaja mhandisi kutoka Dar es Salaam, akagonga, akasema wajenzi wa zamani walitumia chokaa mbovu. Bwalo litabomolewa kabla ya vuli.

"Mimi ndiye niliyemshikia ngazi," anasema Fundi. "Sikufungua mdomo."

Maneno nayo yana miguu. Yaliteremka kilima yakinenepa njiani, na yalipofika Msimbu hayakuwa tena ya chokaa mbovu. Yalikuwa ya Mzee Matano kuiba chokaa nzuri akaiuza Pugu. Bi Mwanne, binti yake, mkulima wa mihogo, akayasikia kisimani. Alipanda kwa miguu mpaka chuoni, akamkuta Fundi barazani.

"Kaka Mwishehe," alimwuliza, "baba alikuwa mwizi?"

Huyu ndiye aliyekuwa akimpakulia chakula miaka ile saba. Fundi anasema jibu alikuwa nalo mdomoni. Lakini makarani wawili walikuwa wamesimama pale, na akasikia sauti yake ikitoa jibu jingine.

"Nilimwambia, wazee wa zamani, dada, hawakuwa na vipimo."

Bi Mwanne alijifunga kanga vizuri akaondoka. Hata maji hakuomba.

Tangu siku ile, anasema, chakula hakimpiti vizuri. Ameomba ofisi imruhusu kubandua saruji kwa wiki mbili kabla ya kubomoa, nao wamekubali, wakidhani anaokoa mawe. Bwalo haliwezi kupona, hilo analijua kuliko mhandisi. Kinachomshughulisha kiko nyuma, kwenye ghala, ambako mwaka 1951 mifuko ile sitini iliishia kabla ukuta haujaisha, ukabaki na chokaa tupu. Anampeleka mwandishi huko, anampa tindo na nyundo.

"Gonga wewe."

Mwandishi akagonga kwa nguvu zake zote. Tindo likaruka, kifundo cha mkono kikauma mpaka jioni, na kwenye chokaa ya miaka ishirini na minane ikabaki alama ndogo kama ya ukucha.

"Chokaa mbovu hiyo," anasema Fundi, na anageuka asionekane macho.

Mwandishi alimshauri jina lake lisitajwe. Ana kazi, ana wajukuu, ingetosha kuandika "fundi mmoja". Hapo kwa mara ya kwanza alikasirika.

"Ukiandika fundi mmoja, watu watasema Matano. Andika Mwishehe Pazi."

Gazeti hili likitoka, anasema, Ijumaa baada ya sala atateremka nalo kwa miguu mpaka Msimbu. Hajui kama Bi Mwanne atamkaribisha au atamfukuza, na hatamlaumu kwa lolote.

"Hajui kusoma," anasema. "Nitamsomea mimi. Ningeweza kuliruka jina langu na asingejua. Sitaliruka."