Jiwe la Tatu la Jiko Langu

Ile jioni bado naikumbuka vizuri, mwanangu. Mama mkwe wangu aliinama jikoni kwangu, akaokota figa moja kati ya mafiga yangu matatu, akalipangusa majivu kwa ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni, akaenda nalo nyumbani kwake. Hakunipiga, hakunitukana. Alichukua jiwe tu, na jiko la mafiga mawili halibebi hata birika la chai.

Nakusimulia haya kwa sababu ya ujumbe wako wa juzi, Furaha. Wewe ni mjukuu wangu, lakini nitakuita mwanangu, maana mama yako alitoka tumboni mwangu na sioni tofauti. Unafundisha shule pale Sake, unarudi chumbani jioni miguu inauma, unafungua simu na kuona watu wanapika vitu vizuri vya haraka. Halafu unasoma vizuri: wanataka fuuru, ile oveni ya kuokea, huna. Wanataka krimu, huna. Wanataka kiungo ambacho mama wa sokoni hajawahi kusikia jina lake. Unafunga simu, unakunywa chai na mkate, unalala. Ukaniambia, "Koko, hapa hakuna kitu ya kupikia."

Nilicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Maneno hayo ni yangu! Niliyasema mimi, nikiwa mdogo kuliko wewe, na yaliniondolea jiwe.

Mimi ni mtoto wa Buleusa, kule Walikale, na wewe unajua sipendi mtu asahau hilo. Kwetu mawese yalikuwepo siku zote. Sombe, yaani kisamvu, tulipika kwa mawese, uyoga kwa mawese, na samaki wa mtoni mama yangu alikuwa akimfunga katika majani mapana ya msituni pamoja na mchuzi wa chikichi, kisha akimwivisha polepole kwa mvuke. Nilipoolewa na babu yako Bahati nikapanda huku kwenye vilima vya Masisi, juu ya Sake, nilikuta baridi, ng'ombe, maharagwe na viazi. Nilikuja na bidoni mbili, madumu yaliyojaa mawese, na kiburi cha kujaza bidoni ya tatu.

Katika ukoo wa babu yako, bibi-arusi alikula kwanza kwenye chungu cha mama mkwe. Mama mkwe alimtazama, akaonja upishi wake, na siku aliporidhika alimletea mafiga matatu kwa mkono wake mwenyewe. Wengine walingoja miezi. Mimi nilipewa wiki ya pili. Wiki ya pili, Furaha! Kilima kizima kilikuja kuonja sombe yangu, na mimi nikatembea na shingo ndefu, nikisema kwamba watu wa huku walikuwa wanachemsha tu, hawajawahi kula.

Kisha mawese yakaisha. Mvua iliharibu barabara, na mfanyabiashara wa Kashebere aliyekuwa akituletea hakufika. Siku ya kwanza nilisema nangoja. Siku ya pili nilisema kichwa kinauma. Jioni tatu mfululizo babu yako alirudi kutoka shambani, akatazama jiko langu, akaenda kula kwa mama yake kama mtoto. Jioni ya nne mama mkwe akaja mwenyewe.

"Binti, juu ya nini jiko yako iko baridi?"

"Mama, mawese iliisha. Hapa hakuna kitu ya kupikia."

Alitazama kifuko cha maharagwe pembeni. Alitazama viazi. Alitazama puaro, ile mboga ndefu yenye harufu ya kitunguu, aliyoipanda yeye mwenyewe na kuniletea fungu zima. Alitazama sambaza, vile visamaki vikavu vya Ziwa Kivu ambavyo Bahati alivinunua Sake. Alivitazama taratibu, kimoja kimoja, mpaka na mimi nikalazimika kuviona.

"Basi haiko wewe mwenye ulikuwa unapika," akasema. "Mafuta njo ilikuwa inapika. Wewe ulikuwa unachochea moto tu."

Hapo ndipo alipochukua jiwe. Mlangoni aligeuka. "Siku utapika wewe mwenyewe, itarudia."

Nililia, sitakuficha. Na kabla machozi hayajakauka, habari ikafika kutoka Buleusa kwamba baba yangu atakuja kuniona baada ya masoko matatu, yaani wiki tatu. Baba akimtembelea binti aliyeolewa, hakai kwanza. Anaenda kutazama jiko. Na baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Angeona mafiga mawili, angekunywa maji, angerudi, angemwambia mama yangu kwamba mtoto wao amenyang'anywa jiko. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilijua uso wa mama yangu ungekuwaje.

Utauliza kwa nini sikuokota jiwe lingine. Mawe Masisi yamejaa, unajikwaa juu yake kila hatua. Nililifikiria hilo, tena sana. Lakini jiwe ambalo hukupewa si figa, na kila mtu pale angejua. Basi nilikasirika siku mbili, kisha nikaenda kwa mama mkwe kuomba ruhusa ya kutumia jiko lake kila jioni, akishateremsha chungu chake. Alisogea kidogo kwenye kigoda. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Jioni ya kwanza nilipika maharagwe na nyanya, nikamimina maziwa juu nikifikiri yatachukua nafasi ya mawese. Maziwa yakakatika vipande vipande. Bahati alikula, akanywa vikombe vitatu vya maji, akasema "Ni bien", yaani ni kizuri, huku akitazama mlango. Jioni iliyofuata nilikata fungu zima la puaro ndani ya viazi. Nyumba ilinuka mpaka Jumapili, na kanisani tulipata nafasi nzuri kwenye benchi, maana hakuna aliyetaka kutusogelea. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale, anamenya viazi vyake, na kimya chake kiliniuma kuliko matusi.

Kisha siku moja, narudi kutoka shambani nimelowa, nikakumbuka jani la mama yangu. Nikajiuliza: kama mawese hayapo, mvuke si upo? Kamba za kufungia zipo. Mikono iliyojua kufunga niliyo nayo ni ile ile. Nilichokosa ni kitu cha kushika chakula pamoja ndani ya jani, kazi ambayo kwetu inafanywa na mchuzi wa chikichi. Nikatazama chungu. Kulikuwa na maharagwe ya mchana, yamebaki, yamepoa.

Nikayaponda kwa mgongo wa mwiko mpaka yakawa laini, lakini nikaacha mengine mazima ili mdomo upate kazi. Nikaosha sambaza kwa maji ya uvuguvugu, nikachanganya. Nikakata puaro mbili, sikiliza, mbili tu, nilikuwa nimejifunza. Nyanya moja, chumvi, pilipili kidogo. Nikafunga kwenye jani la mgomba, kwa sababu majani ya msituni huku hakuna, nikapanga vijiti ndani ya chungu, maji kidogo, vifurushi juu, kifuniko. Majani yakapasuka yote. Tulikula uji wa maharagwe na samaki.

Jioni iliyofuata, kabla sijaanza, mama mkwe aliinuka, akachukua jani la mgomba, akalipitisha juu ya makaa huku na huku mpaka likang'aa na kulegea kama kitambaa. Akaliweka mapajani mwangu bila kunitazama, akarudi kwenye viazi vyake. Mwanangu, nilitamani kumkumbatia. Nilielewa kwamba mwanamke yule alitaka kurudisha lile jiwe kuliko mimi nilivyotaka kulipokea.

Vifurushi vile havikupasuka. Jioni ya tatu tangu hapo nilipunguza maji, vikatoka vimeshikana, vina moshi kidogo wa jani, sambaza imeingia ndani ya maharagwe, puaro inanukia kwa adabu. Mama mkwe akala kimoja. Akafuta vidole. Akauliza kama kuna kingine. Bahati naye akauliza, lakini kilikuwa kimeshaliwa na mama yake.

Lakini jiwe halikurudi. Mimi niliona aibu kuliomba, yeye labda alingoja niliombe. Siku zikaisha hivyo, wanawake wawili wenye vichwa vigumu, mpaka Jumamosi baba yangu akatokea kwenye njia ya kilimani, amepanda kwa mguu kutoka barabarani, na begani amebeba bidoni iliyojaa mawese.

"Nilisikia kama unakosa mawese, mutoto wangu," akasema, akaitua mbele yangu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake. Nilifungua kifuniko kidogo, nikanusa, mate yakajaa mdomoni. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwetu kabisa. Kwa mafuta yale ningepika sombe ya kumliza baba. Naye mama mkwe alinitazama tu, mikono nyuma.

Nilifunga kifuniko. Nikaibeba ile bidoni kwa mikono miwili mpaka mlangoni kwake, nikaiweka miguuni pake.

"Mama, hii iko yako. Miye niko na maharagi ya jana. Unirudishie jiwe yangu, Papa anasikia njaa."

Sikuwahi kusema naye hivyo. Kisha akacheka, kicheko kikubwa ambacho sikujua kama anacho, akaingia ndani, akatoka amelibeba lile jiwe kiunoni ndani ya kikwembe, kama mtu abebavyo mtoto mchanga. Alilitua mwenyewe jikoni kwangu. Akaligeuza na kuligeuza tena mpaka upande wenye masizi ukakaa pale pale ulipokuwa zamani. Baba yangu aliona yote.

Nikapika. Baba akafungua jani, mvuke ukampanda usoni, akafumba macho kidogo. Akaonja. Akaonja tena.

"Nani alikufundisha hii? Kwetu haiko hivi."

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akajibu. "Hakuna mwenye alimufundisha, Papa. Alichukua ya kwenu na ya kwetu, akatoa yake mwenyewe."

Baba alikula mpaka jani likabaki safi. Kisha akanitazama, akasema, "Nitamuambia mama yako."

Ni hayo tu aliyosema, na mimi nimeyabeba miaka yote hii. Nimezaa, nimezika, nimekimbia vita na kurudi, nimepewa sifa nyingi maishani, nyingine hata za kweli, lakini hakuna iliyozidi hiyo. Wiki mbili baadaye mama mkwe alikuja kwangu na kikombe mkononi, akatazama kama kuna mtu njiani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kuja unionyeshe hii mafuta inaingiaka saa ngapi mu sombe." Nilimwonyesha. Naye alikufa akiwa mpishi wa mawese hodari kuliko wote kwenye kilima hiki, baada yangu.

Leo hapa kilimani vifurushi vyangu wanaviita vya Buleusa. Na huko Buleusa dada zangu wanavipika kwa mawese, wanaviita vya Masisi. Mimi nasikia huku na huku, natabasamu tu.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Una mbabula, hilo jiko lako la makaa, una sufuria, na soko la Sake liko karibu na mlango wako kuliko shule. Usisubiri vitu vyote vya kwenye simu. Soma wanachofanya, uangalie kazi ya kila kitu humo, kisha utafute chako kitakachofanya kazi ile. Fuuru huna, lakini mvuke unao. Jani la mgomba likikosekana, weka chakula kwenye bakuli la bati ndani ya sufuria yenye maji kidogo na ufunike. Sambaza zikiisha, uyoga utafaa, hata yai. Badilisha kitu kimoja kwa jioni moja, ili kikiharibika ujue nani wa kulaumu. Na kikiharibika, ukile, ucheke, kesho ujaribu tena. Mimi niliwalisha watu maziwa yaliyokatika na bado wananiita mpishi. Usiniulize grama ngapi. Onja. Ulimi wako ni wa kwetu, utakuambia.

Na mtu akikuletea bidoni iliyojaa, mshukuru na uitumie, lakini usiiachie bidoni jiko lako.

Mungu akupe mikono isiyoogopa chungu kigeni. Akupe moto unaowaka mara moja hata siku za mvua, na mtu wa kukaa mbele yako akila mpaka asahau kuongea. Jiko lako lisipungukiwe jiwe, na likipungukiwa, akupe ulimi wa kuliomba.

Kesho jioni nitakaa na simu mkononi. Usinihesabie ulichokosa. Nieleze ulichobadilisha, nami nitamwambia mama yako.