Walitangaza Msiba wa Tovuti, Nikaenda Kulia Kweli

Admin, nifiche jina, ila maneno yangu usiyapunguze makali. Walionizidi umri shikamooni, kama mmebaki. Nyie wengine marahaba. Mimi ni bibi wa Handeni, sabini nimeshaipita, darasani sijawahi kukanyaga. Anayeniandikia ni binti wa jirani, nimemwambia andika ninavyosema, usinipambie.

Nina mjukuu, nimwite Hemedi, si jina lake. Nimemlea tangu wazazi wake wafariki, hajaota hata meno. Sasa ni mtu mzima, anaishi Korogwe ya zamani, kazi yake kompyuta. Ndiye anayetunza tovuti ya watu wa kwetu, ile wanayotangazia mahindi, mbuzi, arusi na misiba. Aliwaahidi kuifanya upya, iwe na sura nzuri na ifunguke haraka. Imechelewa, ni kweli. Lakini aliwaomba kila mmoja alete picha za mazao yake na maelezo, wale wavivu hawakuleta. Mmoja alituma picha yake mwenyewe kajilaza kwenye kochi. Watu wanataka nyumba mpya na tofali hawabebi!

Kuleta hawawezi, kucheka wanaweza. Wana grupu lao kwenye simu, na mimi Hemedi aliniingiza kwa sababu napenda kusikiliza sauti wanazotuma. Kusoma sijui, masikio ninayo. Kila siku kejeli. "Fundi, hiyo tovuti ina mimba ya tembo?" "Jamani, hata treni ilikufa ikafufuka, hii je?" Na mimi nilikuwa nacheka, siwadanganyi. Utani kwetu si dhambi.

Asubuhi moja nafungua simu, nasikia sauti nzito, inakwenda polepole. "Ndugu wanakikundi, kwa masikitiko tunawatangazia msiba uliomfika ndugu yetu Hemedi hapa Korogwe. Mpendwa wetu amesumbuka muda mrefu. Mazishi ni leo alasiri." Zikafuata za wengine, innalillahi, poleni wafiwa, subira ndugu yetu. Hakuna aliyetaja tovuti. Chini yake kulikuwa na picha ya jeneza, kumbe wameliandika jina la tovuti. Mimi jeneza nililiona. Yale maandishi kwangu ni michirizi tu.

Nikampigia Hemedi, hapatikani. Nikasema basi, aliyekufa ni mchumba wake, maana zaidi yangu hana mwingine, yule binti wa Bungu ambaye posa yake mimi ndiye niliyeipeleka. Nikajifunga kanga, nikabeba unga na maharage ya matangani, nikapanda gari la Korogwe. Nilipofika kona ya nyumba yake nikaangua kilio, kwa Kizigua, kama anavyolia mfiwa. Majirani wote nje. Mara Hemedi huyo mlangoni, macho yamevimba kwa usingizi.

"Bibi! Nani kafa?"

"Si mchumba wako, baba?"

"Mchumba wangu mzima! Nimetoka kuongea naye jana."

Kumbe alikesha anaitengeneza hiyo hiyo tovuti, simu kaizima, kalala. Alipowasha simu akasikiliza, akanieleza kwamba wanayoizika ni tovuti, nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Na jirani mmoja, mtu mzima ana ndevu, alikuwa ameshanipiga video. Ikaingia kwenye grupu kabla sijafuta machozi. Wakacheka! "Mfiwa pekee aliyefika ni bibi, nyie wengine rambirambi ziko wapi?"

Ile sauti nzito ni ya nani? Ya kaka wa mchumba, huyo huyo wa Bungu. Hemedi akampigia mbele yangu, akanipa simu.

"Shikamoo bibi. Mbona umelichukulia zito? Mimi shemeji, na shemeji si mtani?"

Nikamwambia, "Utani nimeujua kabla baba yako hajatahiriwa. Mtani wetu akicheka msibani, jembe liko mkononi, anachimba kaburi. Wewe umechimba nini? Hata picha ya kabichi zako hujatuma!"

Akacheka tena. Akasema si kosa lake kama mimi sijui kusoma.

Nikaapa. Sikanyagi Bungu mpaka aje Handeni, akae kwenye mkeka wangu, aseme bibi nisamehe, watu wakisikia. Hajaja, na nasikia anasema haji ng'o. Ndoa ni huko huko Bungu, mwisho wa mwezi huu, na upande wetu wa kusimama ni mimi peke yangu. Yule binti amenipigia akilia, ananiomba. Hana kosa, mtoto ana adabu, sijui aliiokota wapi kwenye ukoo ule. Na Hemedi ameniambia, "Bibi, usipokwenda na mimi siendi. Sina mwingine wa kunisimamia."

Nikienda, yule mpuuzi ataniona kizee cha kuchezewa, kesho atanizika mimi mwenyewe kwenye simu. Nisipokwenda, mtoto wangu anakosa mke kwa kiapo changu.

Nyie mnaochekacheka humu na hamjawahi hata kumfungia mtoto nepi, piteni, sikuwauliza nyie. Nawauliza mliolea. Hemedi yuko hapa uani tangu asubuhi, anangoja kauli yangu, chakula hataki. Nishaurini upesi, nifanye nini, maana mtoto huyu akilala na njaa mimi silali.