Injini ya Mwisho ya Thabit

Mume wangu Marhoon ana vidole vinene, na siku hiyo vilikuwa vimejaa mafuta ya halua. Naanza na vidole kwa sababu hadi leo nikivikumbuka moyo unanichafuka.

Kaka yangu Thabit alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Tulizaliwa Unguja, tukaletwa Maskati tungali wadogo. Alipelekwa kusoma Marekani, akarudi na kazi ya kukagua pampu za maji katika wizara moja pale Al Khuwair, na mchezo mmoja alioupenda kuliko chakula: kurusha roketi ndogo. Wenzake walipokuwa wakinunua mashamba, yeye aliomba dukani yale mabomba ya karatasi yanayozungushiwa vitambaa, akayabandika mapezi ya mbao nyembamba, na mimi nikamshonea miavuli ya kuyashusha salama.

Roketi aliziunda mwenyewe, injini hakuweza. Mwaka 1996 aliagiza kumi kwa meli, kwa kibali cha polisi chenye mihuri minne. Zilikuwa vibomba vifupi vya plastiki vyenye fueli ngumu ndani, nyeusi kama mpira wa tairi. Si baruti ya fataki, alikuwa akinisomesha. Hii ina nguvu zaidi, na ikiwaka mara moja basi, hubaki ganda. Alizitunza ndani ya bati la biskuti, akarusha moja moja asubuhi za Ijumaa, bondeni nyuma ya kijiji cha Yiti, pasipo nyumba ya mtu.

Baada ya mashambulio ya Marekani ya 2001 hakuna wakala wa meli aliyekubali kuzibeba tena. Kufika mwanzo wa 2004 ilibaki moja, kubwa kuliko zote. Thabit alikuwa amekaa miaka miwili akiiundia roketi yake, anaipunguza uzito kwa msasa kila jioni, apate kuirusha juu ya mita elfu moja walau mara moja katika maisha yake. Kibali cha kuirusha kilikuwa cha Ijumaa baada ya Idi Kubwa.

Wiki moja kabla ya Idi tulikwenda kumtembelea. Marhoon akaiona injini juu ya meza, akainyanyua kwa vidole vyake vile vile vya halua.

"Ma sha Allah, shemegi! Kitu kizuri hichi!"

Kwetu mgeni akikisifu kitu, mwenyewe humwambia achukue. Na mgeni mwenye adabu hujibu kwamba pahala pake ni hapo hapo, kikarudi mezani, watu wakaendelea na kahawa. Tumelelewa hivyo sote, Marhoon pia.

"Tafadhali, chukua," akasema Thabit.

"Wallahi?"

"Chukua, shemegi."

"Ahsante sana, ya akhi!" Akaitia mfukoni.

Nilimwona Thabit akiutazama ule mfuko. Mimi nikamimina kahawa. Njiani nikamwambia Marhoon airudishe, akacheka: kupewa apewe, halafu arudishe, amtukane mtu? Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu huko kunanichukiza sawasawa na kicheko chake.

Siku ya Idi nyumba yetu ya Bawshar ilijaa wageni, Thabit akiwamo. Baada ya chakula Marhoon akawaita wote uani. Alikuwa ameifukia injini katika chungu changu cha asumini, mdomo juu. Akaiwasha anavyojua mwenyewe, bila kumuuliza aliyeifahamu. Moto ukaruka juu, mlio ukatupasua masikio, moshi ukatufunika. Sekunde tatu, labda nne. Wageni wakapiga makofi, asumini ikaungua, na chungu hakikusogea hata kidole kimoja.

"Mbona fupi hivi?" akasema mume wangu, akiwaangalia watu wacheke. "Shemegi, huna nyengine?"

"Sina," akasema Thabit. Akamshukuru kwa chakula! Akatoka.

Nikamkimbilia mpaka garini. Nilitaka amtukane Marhoon, nimsaidie kumtukana. Nilikuwa na maneno tele.

"Mume wangu hana haya," nikamwambia. "Mlafi! Namwonea kinyaa, Thabit. Hata sahani yake sitaki kuiosha."

Alitia ufunguo, hakuwasha gari.

"Mimi nlikuwa mwenye nyumba, Ghaliya. Singeweza kumwambia mgeni wangu aiwache." Alisema polepole, bila ya hasira, na hapo ndipo iliponiuma. "Lakini wewe ni mkewe. Ulikuwa umekaa ubavuni kwake, na ulijua ni ya mwisho. Ungemwambia tu, 'Marhoon, rudisha.' Nlikuwa nakutazama wewe."