Fungu ya Mwisho

Juma iliyopita, pale Mweso, nilikuwa nangojea kamio, gari kubwa ya mizigo, kando ya shamba moja ambalo wamama wanalima pamoja. Wakivuna, mumoja anagawanya mboga mafungu mafungu, na desturi yao njo hii: mwenye kugawanya anachukua wa mwisho. Kwa hiyo mafungu inakuwaka sawasawa.

Siku ile zamu ya kugawanya ilikuwa ya Mama mumoja mwenye kucheka sana. Alikuwa anaambia wenzake kwamba watoto wake watakula kabichi na maharagi, na mafuta ya mangazi, ile mekundu ya mawese, ya Walikale.

Karani wa biro ya serikali akafika. "Leo nitagawanya mimi." Kabichi zote nzuri akazirundika mu fungu moja, akainama kuikamata yeye wa kwanza.

Mama akaweka mukono juu ya fungu ile. "Papa, mwenye kugawanya anachukuaka wa mwisho."

"Mimi niko serikali!"

"Serikali haina desturi?"

Karani akasukuma mukono ya Mama kwa kiatu yake ya kungaa, akaenda na kabichi.

Wamama wengine wakachukua mafungu yao. Mama akaokota fungu ya mwisho: majani ya inje, yenye matundu, ile tunapatiaka sungura.

"Zamu iko yangu," akasema. "Muntu lazima achukue wa mwisho."

Tangu Wabeleji waende, nimeona wakubwa wengi wanakuja kutugawanyia inchi. Sijaona hata mumoja anayengojea fungu ya mwisho.