Nyasi Zilikoinamia

Miaka kumi na mmoja Asumane Kalembo aliwatembeza wageni kwa miguu katika hifadhi ya kando ya Mto Lugenda, na katika miaka hiyo hakuna mgeni aliyerudi kwao na jeraha linalozidi mkwaruzo wa mwiba. Hilo alilisema mwenyewe, na alilisema mara nyingi. Alikuwa mtu wa kujisifu, tusifichane, ila alijisifu kwa kitu alichokuwa nacho. Akikuta kinyesi cha tembo alikichokonoa kwa kidole, akakwambia mnyama kapita saa ngapi na alikuwa na haraka gani. Wenzake kambini walimwita Mkwe wa Tembo. Alijifanya kulichukia jina hilo, na siku wasipomwita alinuna.

Kambi ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka Chitowela, kijiji alikooa. Myao akioa huhamia kwa mke. Nyumba ni ya mke, shamba ni la mke, watoto ni wa ukoo wa mke, naye mume ana shoka lake, mkeka wake, na heshima atakayojitafutia. Asumane alijitafutia. Katika kijiji ambacho tembo walikula mahindi ya watu kila mwaka, yeye peke yake ndiye aliyelishwa na tembo.

Mkewe, Ajida, alizaliwa na kulelewa na mwindaji, na miko aliijua tangu hajaota meno ya pili. Kila mara kabla mumewe hajaondoka, alikwenda jioni chini ya mti wa msolo nyuma ya nyumba, akawataja mababu, akamimina unga wa mtama taratibu mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo, akaufunika kwa chungu. Asubuhi walifunua wote wawili. Unga ukiwa umesimama, Asumane alikwenda. Ukiwa umeporomoka, alibaki, na gari la kambi lipige honi mpaka lichoke. Siku zote ambazo mumewe alikuwa porini, Ajida hakugombana na mtu, hakumgawia jirani moto, hakupaka nywele mafuta, na alilala peke yake. Chitowela kila mtu anajua sababu. Mke akiharibu nyumbani, mume hulipishwa na mnyama porini.

"Mimi nawaongoza wageni," Asumane alizoea kumwambia, "na wewe unaniongoza mimi."

Mwaka wa kumi na mmoja alikuja Mama Inesi, Mreno mjane wa miaka sabini na miwili, mwembamba, mcheshi, na kamera yake nzito kuliko yeye. Alitaka kupiga picha ya tembo mmoja tu, dume mzee ambaye watu wa kambi walimwita Shehe kwa mwendo wake wa taratibu. Siku sita walimtafuta wasimwone. Siku ya saba ndege ya kumrudisha mama yule ilikuwa ije saa nne asubuhi.

"Leo utamwona," Asumane alimwambia wakinywa chai.

Bonomari, askari wa bunduki aliyefuatana nao, akamkanyaga mguu chini ya meza. "We, usiahidi cha watu."

"Nani kakwambia ni cha watu? Mkwe wangu yule."

Na kweli walimkuta, jua likianza kuchomoza, amesimama peke yake kwenye nyasi ndefu. Asumane alitangulia hatua kadhaa, akatoa kifuko chake cha majivu, akakitikisa. Majivu yakaelekea mbele moja kwa moja, kwa tembo. Maana yake upepo ulikuwa mgongoni mwao, ukimpelekea Shehe harufu yao. Kazi inasema hapo urudi nyuma, uzunguke mbali, hata ikikugharimu saa nzima na zaidi. Asumane akalitazama jua. Akamtazama Mama Inesi, kamera keshaipandisha jichoni, anatabasamu kama bibi harusi. Akakirudisha kifuko mfukoni.

"Twende," alinong'ona.

Mama Inesi alipiga picha moja. Shehe aliinua mkonga, akatandaza masikio, akaja. Asumane alimsukuma yule mama nyuma ya kichuguu, akasimama mbele yake. Hilo tusimnyime. Tembo alimzoa kiunoni, akamtupa, na alikuwa anarudi kummalizia pale Bonomari alipopiga risasi mbili hewani, naye Shehe akageuka akaenda zake.

Nyonga ilivunjika, na mbavu tatu. Mwezi mzima alilala hospitali. Mkuu wa kambi, Bwana Kustodio, alikuja akaketi kando ya kitanda na daftari lake. Huyu alikuwa mtu mwema mwenye sheria moja isiyo na msamaha: anayempeleka mgeni kwa mnyama huku upepo uko mgongoni anafukuzwa siku ileile. Alishamfukuza mmoja, tena bila mtu kuumia.

"Bonomari anasema hakuyaona majivu yako. Upepo ulikuwaje?" aliuliza.

"Ulikuwa mzuri. Uligeuka ghafla."

Upepo hugeuka, kila mtu anajua. Kustodio aliandika, akafunga daftari. "Basi pona. Kutembea na wageni hutaweza tena, lakini utafundisha wenzio. Kazi yako ipo."

Uongo ule ulikuwa mdogo, na pale hospitali haukumdhuru mtu. Shida ni kwamba uongo haukubali kukaa hospitali. Ulifika Chitowela kabla yake, na huko ukakuta watu wenye hesabu zao.

Wa kwanza kupiga hesabu alikuwa Sauda, dada mkubwa wa Asumane, aliyevuka mto kuja kumuuguza ndugu yake. Alimfuata Ajida jikoni siku ya pili.

"Wifi, unga ulisimama?"

"Ulisimama. Aliuona kwa macho yake."

"Na upepo ulikuwa mzuri, kasema mwenyewe." Sauda alikunja vidole kimoja kimoja. "Unga mzuri, upepo mzuri, ndugu yangu fundi. Kimebaki nini? Nisaidie, wifi, mimi sikusoma."

"Amebaki tembo."

"Tembo hamvamii mtu bure. Tembo hutumwa."

"Basi kamuulize kamtuma nani," Ajida alisema, akaendelea kusonga ugali. Lakini aliusonga mpaka ukaungua, na Sauda aliona, akatafsiri alivyopenda.

Baada ya hapo maneno yalijiendea yenyewe. Kisimani mtu alikumbuka kwamba muuza chumvi mmoja mwenye baiskeli aliomba maji kwa Ajida siku zile. Mwingine akakumbuka kwamba alikunywa taratibu sana. Mwanaidi, binti yao mkubwa, alirudi na ndoo tupu akilia, akakataa kusema kwa nini. Asumane aliyasikia yote akiwa chali kwenye mkeka ukumbini, na kila asubuhi aliapa kwamba leo anasema. Alimjua mkewe. Alijua jinsi alivyokaa miaka kumi na mmoja na nywele kavu na midomo iliyofungwa kwa ajili yake. Aliona aibu mpaka chakula kikamshinda. Jioni ikifika, alikuwa hajasema.

Wiki ya tatu tangu arudi nyumbani, dereva wa kambi alileta kifurushi kutoka kwa Mama Inesi. Ndani mlikuwa na picha kubwa, imewekwa kwenye fremu ya kioo. Ilikuwa Shehe mzima mzima, masikio wazi, jua ubavuni, na mbele yake nyasi za dhahabu zote zimeinama upande mmoja, kama waumini wanaorukuu.

Ajida aliifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaitazama. Akaitazama tena.

"Nyasi zimeinama," alisema.

"Nyasi huinama."

"Zimeinamia kwa tembo, Baba Mwanaidi. Zote."

Asumane aligeukia ukutani. "Mguu unaniuma."

Ajida aliitundika picha kwenye chumba cha kulala, ambako wageni hawaingii, akatoka akaenda kutwanga. Alitwanga mpaka jioni, mahindi ya wiki nzima. Hakulitaja tena jambo lile. Ila kila alipomletea uji alisimama kidogo mlangoni.

"Huna neno la kuniambia?"

"Neno gani?"

"Lolote."

"Chumvi imepungua," alisema siku moja, na siku nyingine akajifanya amelala. Siku tisa alimpa nafasi. Mimi nisingempa hata tatu.

Siku ya kumi Sauda aliita kikao. Kilikaa barazani kwa mjomba wa Ajida, Mzee Salanje, msimamizi wa dada zake wote na watoto wao, na fundi baiskeli pekee wa Chitowela. Mzee huyo alichukia vikao. Alikuja na gurudumu lililopinda, akawa anazikaza spoku huku wengine wakisema.

Sauda alisema mengi. Alipomaliza, Mzee Salanje alimwuliza mpwa wake bila kuinua macho. "Miko uliishika?"

"Niliishika, mjomba."

"Mbona mwenzio kavunjika?"

"Aliyemvunja yupo," Ajida alisema. Gurudumu likasimama mkononi mwa mzee. "Mume wangu anamjua jina. Alitaje hapa, mimi nitalikubali mbele yenu wote."

Watu wote walimgeukia Asumane. Alikuwa amekaa kwenye kiti, fimbo katikati ya magoti. Alimtazama mkewe, naye Ajida alimtazama, bila hasira, kama mtu anayengoja ndoo ijae. Jina lilikuwa fupi, na lilikuwa lake. Kama ni njaa ndiyo iliyomfunga mdomo ningemtetea, maana watoto sita si mchezo. Lakini alichokiona pale si watoto. Alimwona Bonomari akicheka kambini, na wengine nyuma yake, wakisema Mkwe wa Tembo alisahau upepo unavuma wapi.

"Simjui," alisema.

Ajida alitikisa kichwa polepole. "Basi kosa niandikeni mimi."

"Ajida!" Mzee Salanje aliliacha gurudumu. "Unajua unachosema? Ulikuwa na nani?"

"Mmetaka kosa, nimewapa. Na jina pia mnataka?"

Sauda alipiga kigelegele kifupi cha ushindi, akakikatiza mwenyewe, maana hakuna aliyekipokea. Jasho lilimtoka Asumane. Aliinuka kwa fimbo. "Mimi namsamehe," alisema haraka. "Mjomba, yaishe. Mke wangu nimemsamehe."

"Mimi sijaomba msamaha," Ajida alisema.

Mzee Salanje alimtazama mpwa wake kwa muda mrefu, kisha akamtazama mkwe wake kwa muda mfupi. Sijui alielewa kiasi gani. Alikohoa. "Mkwe wangu, mila unaijua. Mume aliyekosewa huchukua shoka lake na mkeka wake akarudi kwa dada zake. Watoto hubaki. Hakuna wa kukudai, na wewe huna wa kumdai."

Hapo ndipo Asumane alipoelewa alichofanyiwa. Kazi ameachiwa, na jina lake zuri ameachiwa. Kilichobaki kilikuwa cha Ajida, nacho Ajida amekichukua.

Alipofika nyumbani akichechemea, vitu vyake vilikuwa vimeshapangwa mlangoni. Shoka, mkeka, redio, sare ya kambi imefuliwa na kukunjwa vizuri, na juu yake ile picha, kioo kimefutwa. Ajida angeweza kuileta barazani. Chitowela wanaishi na tembo. Hata mtoto wa miaka saba angezisoma zile nyasi. Asumane alimwita mara moja. Hakuna aliyeitika. Alizunguka nyuma ya nyumba, na chini ya msolo hakukuwa na chungu. Kwa mbali alimwona mkewe na Mwanaidi wakienda kisimani, na chungu cha kufunikia unga kiko kichwani kwa Ajida, kinakwenda kuteka maji kama vyungu vingine.

Sauda alimbebea mizigo. Walipotoka kijijini, kwenye njia iendayo mtoni, aliishika picha kwa mikono miwili aitazame, kwa kuwa hakuwahi kuiona.

"Lo, dume hili! Huyu mama anajua ka—"

Hakumaliza. Alisimama katikati ya njia. Baba yao naye alikuwa mwindaji, na Sauda alikuwa amefundishwa kusoma nyasi kabla ya kufundishwa kusali.

"Asumane."

Asumane aliendelea kutembea.

"Asumane, nyasi hizi." Alimnyooshea ile picha. "Mimi nimekaa kisimani kwa watu nikamtukana mke wa mtu. Turudi. Bado mapema, watu wako barazani. Turudi, ndugu yangu, nakuomba."

Alisimama kwa fimbo yake, mgongo kwa dada yake. Kutoka pale baraza la Mzee Salanje lilionekana bado, na mzee mwenyewe ameinamia gurudumu lake. Si mbali. Hata mtu wa nyonga mbovu angefika.

"Gari la kambi linapita ng'ambo kesho asubuhi," alisema. "Nikichelewa litaniacha."

Akaanza kushuka kuelekea mtoni. Sauda aliigeuza picha kifudifudi, akaiweka juu ya mzigo kichwani, akamfuata.