Bafu la Babu Kule Dirma

Wenzangu mliokulia Dirma enzi za mashamba ya ngano ya serikali, mnakumbuka kombaini zilivyokuwa zikiunguruma kutwa, makapi yanatuingia mpaka shingoni, tunarudi nyumbani tunajikuna? Kuoga kwenyewe ni beseni moja watoto wote, na upepo wa mlima Hanang unakuhimiza umalize. Vijana wa siku hizi maji ya moto yakichelewa kidogo wananuna hadi jioni.

Msimu mmoja wa mavuno babu, mzazi wa baba, alirudi kutoka hospitali Haydom akitembelea magongo. Dume la ng'ombe lilimvunja nyonga. Kuinamia beseni hakuweza. Baba alikuwa fundi wa matrekta shambani, anatoka alfajiri na kurudi usiku. Mama naye ni mkamwana, na kwetu mkamwana hata jina la mkwe wake halitamki, sembuse kumwogesha. Sisi wajukuu babu alitufukuza. "Mimi si ndama," alisema. Akaanza kunuka, akajua ananuka, akaacha kukaa na wazee wenzake. Iliniuma sana kumwona peke yake kule zizini.

Mama akamwambia baba, "Mzee ataoga mwenyewe, kabla ngano haijaisha kuvunwa."

Baba akaleta pipa zuri la maji ya kuogea kutoka shambani. Mama akalinusa. Lilikuwa la dawa ya magugu.

"Nimelisugua kwa sabuni na majivu, Mama Magreth."

"Basi maji yake yanywe wewe kwanza."

Baba akachukua nyundo. Alilitoboa kwa patasi ili jirani asije akaliokota, na siku ya mnada mama akabadilisha mbuzi wake kwa pipa lililokuwa la mafuta ya kula.

Jumapili baba alisimamisha nguzo nne na jukwaa juu yake. Mama hakuridhika. Alisema maji ni mazito, akataka magunia ya mahindi yalale pale juu kwanza. Asubuhi nguzo moja ilikuwa imeinama. Baba alinung'unika, lakini alichimba upya na kushindilia mawe. Pipa likapandishwa juu, bomba likashuka hadi koki ambayo babu angeifikia akiwa ameketi. Sakafu ilikuwa ya mawe yenye kukwaruza ili asiteleze. Maji tuliyaleta kwa punda kutoka bwawani, na pipa likafunikwa.

Alasiri jua lilikuwa limeyapasha. Mama aliyapima kwa mkono wake, kisha akatuvuta nyuma ya nyumba, mahali tusipoweza kuona. Maji yakatiririka, yakakatika. Mama alinishika bega hadi likauma. Yakatiririka tena.

Babu alitoka akiwa anang'aa. Kumsemesha mama moja kwa moja asingeweza, akaniita mimi.

"Mwambie mama yako, kesho ajaze tena."

Mama alilia, nami nikalia bila kujua kwa nini.

Leo bafuni kwangu kuna vigae, na maji ya moto nayapata kwa kubonyeza. Sitaki kurudi kwenye beseni, nisiwadanganye. Ila mjomba wetu alipopooza mwaka jana, sisi ndugu tulibishana kwenye simu wiki nzima nani atamchukua, na kila mmoja wetu ana bafu zuri.